Mpaka picha iache kunidai

Kisanduku cha fomu ya mtandaoni kilikuwa cheupe na swali lilikuwa juu yake: eleza falsafa yako ya sanaa kwa maneno yasiyozidi 200. Chini, kwa herufi ndogo, wenye fomu waliongeza kwamba majibu yaandikwe kwa Kiingereza na yatumwe kabla ya saa sita usiku. Tulikuwa ndani ya chumba cha mabati mtaani Manyatta, Kisumu, simu yangu imeegemezwa kwenye kopo la rangi, bando langu linayeyuka. Mwenye kuulizwa falsafa alikuwa amechuchumaa sakafuni akikwangua rangi iliyokaukia kwenye kisu cha jikoni. Nitamwita Fundi, maana mtaa mzima unamwita hivyo. Jumatatu hadi Ijumaa anaandika mabango ya vinyozi, vioski na maduka ya dawa. Wikendi anachora picha zake.

"Waambie napaka mpaka picha iache kunidai," alisema bila kuinua kichwa.

Nikamwuliza kama hiyo ndiyo falsafa.

"Omera, si wewe ndiye mwandishi? Ivalishe tai."

Nilijaribu. Niliandika kwamba msanii huyu anachunguza utambulisho, kumbukumbu na maisha ya pembezoni kupitia rangi na umbo. Nikasoma, nikafuta. Sentensi hiyo nimeikuta mara nyingi mno kwenye kuta za maonyesho, imebandikwa kando ya picha ya ndovu, kando ya sanamu ya vyuma vikuukuu, kando ya kanvasi nyekundu isiyo na kitu, na kila mahali inakaa sawa. Maelezo ukiweza kuyabandua kando ya kazi hii ukayabandika kando ya ile bila mtu kushtuka, ujue hayajasema lolote kuhusu kazi yoyote. Ni suti ya kukodi. Inamtosha kila bwana harusi, na Jumatatu inarudishwa dukani.

Ya Fundi haikodishiki. Ina neno moja tu lenye uzito, kudai, na neno hilo nimekaa nalo miezi kadhaa sasa. Kadiri ninavyowatazama wasanii wa huku kwetu, kutoka ziwani hadi vilima vya Gusii, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba falsafa ya msanii ni daftari lake la madeni: nani anamdai, deni lipi amelikubali na lipi amelikataa, na ni wakati gani anajihesabu amelipa. Hayo mengine ni tai.

Mdai wa kwanza ni nyenzo. Fundi hanunui kanvasi. Ananunua marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichobaki na jina la meli za Marekani zilizokileta Zanzibar karne ya 19. Anakivuta juu ya fremu ya mbao za sipresi, anakipigilia misumari midogo, kisha anakipaka rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya seremala. Anapaka mara mbili na kupiga msasa katikati. Tabaka hilo ni la lazima, kwa sababu mafuta ya rangi yakifika kwenye nyuzi za pamba huzila polepole, na miaka ikipita kitambaa kinakatika kama karatasi ya zamani.

Sasa, marekani ni nyembamba. Ukiibebesha rangi nzito inalegea na kutoa tumbo katikati. Kwa hiyo Fundi anapaka nyepesi, rangi juu ya rangi, ya chini ikichungulia kupitia ya juu. Picha zake za ufuo wa Dunga alfajiri zina ukungu ambao huwezi kujua ndani yake maji yanaishia wapi na mafunjo yanaanzia wapi. Mgeni mmoja aliyeletwa pale na rafiki alizitazama kwa muda mrefu, akatamka kwamba mchoraji huyu bila shaka ameathiriwa na Wafaransa wa karne ya 19. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Ukungu ule ulianzia kwenye bei ya kitambaa kwa mita.

Naogopa kusomwa vibaya hapa. Yupo mtu ofisini ambaye akisoma aya hiyo ataamua kwamba basi hakuna haja ya kumnunulia Fundi kanvasi, kwani umaskini umeshamfundisha. Umaskini haujamfundisha mtu kitu. Kuna wachoraji wengine mtaani humo wanaonunua marekani ileile, wanaibebesha rangi nzito, tumbo linatoka, wanauza hivyohivyo. Fundi aliliona tumbo akalichukulia kuwa ni dai, kwamba kitambaa kinamwambia hakiwezi kubeba zaidi. Wenzake waliona kasoro ya kufichwa kwa fremu. Kitambaa ni kimoja na bei ni moja. Kilichowatenganisha ni fikra, na fikra hiyo haina hata sentensi moja ya Kiingereza.

Jambo hili niliwahi kuliona wazi zaidi Tabaka, kusini mwa Kaunti ya Kisii, wanakochimba lile jiwe laini ambalo ulimwengu unaliita jiwe la Kisii. (Kwamba mahali penye mawe paitwe Tabaka ni sadfa ya lugha mbili, lakini kila nikipita pale neno hilo hunichekesha.) Jiwe linatolewa kwenye mashimo ya wazi kwa sururu na mtaimbo, na msimu wa mvua kingo za mashimo hushuka, ndiyo maana ukisikia watu wanazungumza habari za machimbo sauti zao hupungua. Likitoka tu ardhini bado lina unyevu, linakatwa kwa msumeno wa mbao na kupunguzwa kwa panga kama muhogo. Lipo jeupe la krimu, la waridi, la kijivu, na lililoiva wekundu.

Nilikaa siku nzima kando ya mzee mmoja anayechonga chini ya mparachichi. Alikuwa na ndoo ya maji na kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono. Kila baada ya muda alichota maji akalimwagia jiwe. Nilidhani anatuliza vumbi. Baadaye nikaelewa. Jiwe kavu lina uso wa mtu aliyepakwa unga, halionyeshi chochote. Likilowa tu, mishipa yote inajitokeza: wekundu unapita hapa, doa la kijivu linazama pale, na mara nyingine ufa mwembamba kama unywele.

"Naliuliza," alisema alipoona macho yangu yako kwenye kikombe.

Dalali alikuwa amemwagiza twiga 12 wa kimo kimoja. Kwenye jiwe la nne, maji yalionyesha ufa umepita palepale ambapo shingo ingekaa. Mzee akalizungusha, akalimwagia tena, akalilaza chini kwa ubavu, akalitazama huku akitafuta tumbaku mfukoni. Likawa kiboko.

Nilimwuliza mzee, dalali atasemaje? Atanung'unika, alinijibu, lakini twiga mwenye ufa shingoni hufika Nairobi kichwa chake kimefungwa kwenye karatasi nyingine. Kwa hiyo pale palikuwa na wadai wawili wanagombea fundi mmoja, mwenye pesa na jiwe, na mzee alikuwa na utaratibu wake wa kulipa. Jiwe kwanza. Mtu anaweza kuchonga miaka 40, akachonga mnyama mmoja mara elfu, na utaratibu huo ukawa ndio msimamo wake wote wa kisanaa, na mimi nauheshimu kuliko kurasa nyingi nilizosoma kuhusu "mazungumzo kati ya msanii na nyenzo". Mazungumzo gani? Jiwe linadai, mzee analipa.

Jioni sanamu zilihamia kwa kina mama walioketi na mabeseni ya maji. Hao ndio wanaosugua. Wanaanza na msasa wa maji wenye chembe kubwa, wanashuka hadi ule ulio laini kama nyuma ya sikio, kisha nta. Mmoja alikuwa akimweleza mwenzake habari za karo ya kidato cha pili, macho yako kwa mwenzake, kiganja kinamzunguka kiboko wangu peke yake, kinasimama penye ukwaru na kurudi nyuma. Hakutazama chini hata mara moja. Ule mng'ao anaoulipia mtalii ni kazi ya kiganja kile, na huwezi kuona jina la mama yule popote. Nitalirudia suala hili la majina.

Tabaka hiyohiyo ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa jiwe, Enyamuchera, ndege wa amani wa Abagusii, aliwekwa kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Watu hupenda kumtaja kama mtu aliyewatoroka twiga. Sina hakika kwamba kuna kutoroka hapo. Wadai wameongezeka na kazi imekuwa kubwa, ila jiwe linaloulizwa ni lilelile.

Na nyenzo haidai mambo ya ufundi tu. Gor Soudan, mzaliwa wa Kisumu, aliwahi kuunda sanamu kwa nyaya zinazobaki barabarani matairi yakishachomwa wakati wa maandamano. Aliyewahi kupita Kondele, mtaa wa Kisumu, asubuhi ya siku ya pili anazijua nyaya hizo. Ni nyembamba, nyeusi, zimejisokota kama nywele zilizong'olewa, zinanasa ndala. Ukiziokota mkononi huwezi kudai umeokota waya tu.

Mdai wa pili ni mwalimu, na hapa nakosana na watu ninaowaheshimu. Paa ya Paa, jumba la sanaa lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965, linajulikana kwa kauli ambayo mchoraji Elimo Njau aliisimamia kwa miongo mingi: usiige, kwani kuiga humlaza Mungu usingizi. Ni kauli tamu, na ilikuwa na kazi yake. Kenya ilikuwa na miaka miwili tangu uhuru, na mwanafunzi wa sanaa alipimwa kwa jinsi alivyokaribia kuchora kama Mwingereza. Kumwambia kijana wa siku hizo asiige kulikuwa ni kumwambia asimame wima.

Lakini kauli ikizeeka nje ya wakati wake huanza kudhulumu watu. Ipeleke Tabaka, inamhukumu mzee wangu na twiga wake 12. Ipeleke kwa wafinyanzi wa Kijaluo, inakosa pa kukaa.

Ufinyanzi kwa Wajaluo ni kazi ya wanawake. Watafiti waliokaa na wafinyanzi hao mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliandika jambo ambalo wenyewe waliliona la kawaida kabisa: wengi hawakujifunza kwa mama zao. Walijifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe na kwa wake wenza. Fikiria hilo kidogo. Msichana anaingia boma jipya, pengine hajawahi kushika udongo, na pamoja na kujua nani huamkiwa kwanza na mboga ipi haipikiwi nani, anafundishwa kwamba shingo ya dapi, mtungi wa maji, hapa kwetu hukaa hivi, na pambo la kamba iliyosokotwa hubingirishwa begani, si tumboni. Anaiga kwa sababu kuiga ndiko kuingia nyumbani. Atakayemwambia bi harusi huyo atafute sauti yake mwenyewe wiki ya kwanza atakuwa anamvunjia ndoa.

Je, anapotea humo? Muuza vyungu mmoja katika soko la Kibuye, Jumapili moja yenye jua la kupasua kichwa, alinionyesha vyungu viwili ambavyo kwangu vilikuwa mapacha. Hiki ni cha fulani, akasema, hiki ni cha mke mwenzake. Nikamwuliza amejuaje. Akashika mkono wangu akauingiza ndani ya shingo ya kile cha kwanza. Kulikuwa na vishimo vidogo vya mviringo, vimefuatana. Huyu hubonyeza kwa ncha ya kidole gumba. Akauingiza ndani ya kile cha pili, nikakuta vishimo virefu, vya pembeni. Huyu hutumia kiungo cha kidole. Nje, mahali ambapo mnunuzi anatazama, wote wawili wamemlipa mama mkwe deni lote mpaka senti ya mwisho. Ndani ya shingo, mahali ambapo hakuna anayechungulia, kila mmoja yuko peke yake.

Nilipotoka pale nilimkumbuka Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kujijengea jina Uingereza. Vyungu vyake viko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Hatumii gurudumu, anainua udongo kwa mkono, na sehemu ya ufundi huo aliipata kwa wafinyanzi wanawake wa Abuja, Nigeria. Hapaki gleizi pia, ule utando wa kioo unaofunika vyombo vya udongo. Anausugua udongo hadi ung'ae wenyewe, kisha anaiachia hewa ya tanuri iamue: oksijeni ikitosha chungu kinatoka rangi ya chungwa, ikinyimwa kinatoka cheusi. Hakuna anayesema Odundo amemlaza Mungu usingizi kwa kukopa mkono wa kina mama wa Afrika Magharibi, na asiwepo. Ninachouliza ni kwa nini mkopo wake unaitwa urithi, na wa mzee wa Tabaka unaitwa kukosa ubunifu. Nashuku jibu liko kwenye bei.

Hata kwenye mwamba wa Kakapel, huko Teso katika Kaunti ya Busia, michoro ya zama tofauti inakaa kwenye ukuta mmoja: miviringo ya wawindaji wa kale, na ng'ombe wa watu waliokuja baadaye na mifugo yao. Waliokuja baadaye hawakukosa mawe mengine. Walichora palepale, na ya wenzao hawakuifuta.

Mimi ningeirekebisha kauli ya Njau hivi: kuiga ni kukopa, na kosa linaanza pale mtu anapolikana deni. Fundi alijifunza kwa mwandishi wa mabango mzee, ambaye alimchoresha vichwa vya kinyozi kwa miaka miwili. Unavijua vichwa hivyo, vile vinne au sita kwenye ubao, kila kimoja na mtindo wake wa kunyoa, vyote vinatazama upande mmoja kama watu wanaosubiri matatu. Alivichora mpaka akaviota usiku. Leo ukitazama picha zake za wavuvi, karibu wote wamekupa kisogo. Wanavuta nyavu, wanasukuma mtumbwi, wanahesabu omena, wale dagaa wa ziwani, na nyuso huzioni. Lakini mstari wa nywele unapokutana na shingo umechorwa kwa usahihi wa wembe, na kwa mstari huo peke yake unaweza kujua huyu ni kijana aliyenyolewa jana kwa ajili ya mazishi, na huyu hajanyolewa tangu mwezi uliopita. Ukimwuliza kisogo kile kimetoka wapi, anataja jina la mzee wake kabla hujamaliza swali.

Kuhusu mdai wa tatu, mnunuzi, nitasema kidogo, kwa kuwa huyu ameandikwa sana na kwa kawaida anapewa lawama zote. Hoteli moja ilimwendea Fundi ikitaka picha kubwa ya sebuleni: Wamasai wanaruka, jua linazama, mgunga upande wa kushoto. Pesa zake zilikuwa kodi ya miezi mitatu. Akakataa. Nilipomwuliza kwa nini, nilitarajia hotuba kuhusu heshima ya mwafrika, nikapata hii: "Sijui wanavyokanyaga." Hajawahi kuwatazama Wamasai wakitua chini baada ya kuruka, kwa hiyo hajui miguu inafanya nini, na mguu ukikosea mtu mzima ameelea. Aliwapa chaguo la kina mama wanaoanika omena, hao anajua magoti yao. Hoteli haikutaka magoti ya omena.

Lakini mwenye mtumbwi wa Dunga akija akasema anataka ubavu wa njano, jina kwa herufi nyekundu, na pambo kama la jirani yake, Fundi anapaka njano, nyekundu na pambo la jirani bila hata kuguna. Kwa muda mrefu sikuelewa. Kama unakataa agizo la hoteli kwa sababu ya msimamo, mbona unakubali pambo la jirani? Nilipolieleza hivyo alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. Mwenye mtumbwi, alisema, atakuwa na mtumbwi huo kila siku. Rangi ikibanduka ananijua nyumbani. Herufi ikipinda atanisimamisha njiani mbele ya watu. Wa hoteli, nikikosea mguu, ni nani atakuja kunidai?

Hapo ndipo nilipoona daftari lake limekaaje. Fundi anakopa kwa walio karibu kiasi cha kuweza kuja kudai. Kitambaa kiko mkononi mwake, kinalegea mbele ya macho yake. Mzee wake wa mabango bado yuko mtaa wa Nyalenda na bado anapita kukagua. Mwenye mtumbwi anapajua kwake. Wavuvi wanaochorwa visogo wanaingia chumbani mle, wanajiona, wanamwambia huo sio mtindo wangu. Wamasai wa hotelini hawatapita Manyatta kumwambia lolote, na mtalii atakayewapiga picha naye hajui. Deni lisilo na mdai halimnyimi mtu usingizi, na Fundi, nadhani, anachora kwa kunyimwa usingizi.

Kipimo hiki kina udhaifu, sitauficha. Ukikifuata mpaka mwisho, msanii hatachora zaidi ya umbali wa boda wa shilingi hamsini. Hatachora baba yake aliyekufa, wala njaa ya mwaka ambao hakuwepo. Nilimtupia Fundi hoja hiyo na hakuwa na jibu, alisema tu kwamba wafu nao wanadai, tena hao ndio hawachoki. Sijui kama hilo ni jibu au ni namna ya kunifukuza.

Limebaki suala la kumaliza. Wachoraji wachanga huuliza sana: nitajuaje picha imeisha? Vitabu huwaambia waitazame kwenye kioo, waigeuze juu chini, wafumbe jicho moja. Fundi huigeuzia ukutani. Picha akihisi imekaribia, anaigeuza uso kwa mabati, anaiacha wiki tatu, mwezi, anaendelea na mabango yake. Siku akiigeuza tena, ile dakika ya kwanza ndiyo anayoiamini. Kikimvuta kitu, mkono ukaenda kwenye burashi kabla hajafikiri, bado inamdai. Asipovutwa, imekwisha, hata kama kona ya chini haina rangi. Zipo picha zake nyingi zenye kona tupu, weupe wa tabaka la chini unaonekana, penseli inaonekana. Mnunuzi mmoja aliwahi kumwomba aijaze kona kabla ya kulipa. Fundi akamwambia kona haijaomba.

Kwa hiyo ukiingia chumbani mle huoni picha, unaona migongo ya picha, imeegemea mabati kama watoto walioadhibiwa. Na ni kwenye migongo hiyo nilipopata nilichokuwa nakitafuta usiku ule wa kisanduku cheupe. Kila picha ina maandishi ya penseli nyuma, kwenye mbao za sipresi. Nilidhani ni vipimo. Ni majina. Seremala aliyekata fremu. Muuza rangi aliyempa kopo la bluu kwa mkopo, na alama ya tiki siku alipolipwa. Kijana aliyesimama na wavu begani saa nzima, na mbele ya jina lake, "soda 2". Mama wa omena aliyemwambia kwamba kivuli cha wavu wa kuanikia hakiangukii huko. Jina la mzee wa Nyalenda limo kwenye kila picha, hata zile zisizo na binadamu.

Nikawakumbuka kina mama wa Tabaka na mabeseni yao. Sisi tuliosoma tumezoea kuona jina moja, kona ya chini kulia, na tumejengea jina hilo nadharia nzima ya upekee na kipaji. Fundi naye anaweka sahihi yake pale mbele, ndogo, kama watu wote. Sahihi ile ni ya sokoni. Hesabu iko nyuma, na nyuma hakuna mahali palipoandikwa jina lake.

Saa tano na dakika arobaini usiku tulituma sentensi moja. Nilitaka kuongeza habari za majina, akanikataza, akasema hayo ni ya ndani. Kisanduku kikahesabu maneno, kikatuonyesha kwamba zaidi ya 180 yalikuwa bado yamebaki, kikapokea. Hawajajibu mpaka leo.

Wiki iliyopita nilipita kwake kumsalimu. Ile ya alfajiri ya Dunga, aliyokuwa akiifanyia kazi usiku ule, ilikuwa imeegemea mabati, uso kwa ukuta. Niliinama kusoma mbao za nyuma. Chini ya jina la seremala kulikuwa na langu, kwa penseli, halina tiki, na mbele yake ameandika: bando.